Mpishi Asiyeonja

Hotuba iliyotolewa katika hafla ya maadhimisho ya hekalu, kabla ya mlo wa pamoja



Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili. Mzee mmoja aliniuliza pembeni kama sitaona uzito. Nilimkumbusha kwamba lugha hii nimeifundisha darasani kwa miaka thelathini na miwili hapa Mombasa, na kwamba jikoni mwa hekalu letu Kigujarati ni cha kuombea, Kiswahili ni cha kugombania. Anayetaka ushahidi aje saa kumi alfajiri siku ya sikukuu, wakati mkaa umekataa kushika.

Kamati ilinipa mada iitwayo "Chakula kisicho na nyama katika ulimwengu wa leo". Mada hiyo ni ndefu kuliko sari, nami naomba ruhusa niikunje nibaki na upindo wake tu. Nitawasimulia siku moja niliyokwenda katika tamasha la vyakula vya mimea huko Leicester, Uingereza, nikaonja. Nasema "nikaonja" kwa kusudi, kwa maana neno hilo kwangu mimi si neno jepesi.

Majirani zetu huenda hawajui kwamba anayepika chakula cha kutolewa mbele ya Mungu hakionji. Haruhusiwi kulamba mwiko, wala kutia tone kiganjani apime chumvi. Hata kukinusa kwa kukusudia tunaepuka. Anayestahili kukipokea kwanza ni Yeye. Sisi twakipata baadaye, nacho kikisharudi kwetu huitwa prasadi. Kwa hiyo mpishi wa hekalu hupika kwa jicho, kwa sikio na kwa kumbukumbu. Chumvi huijua kwa kina cha kiganja chake. Iliki huijua kwa hesabu ya punje. Suji inayokaangwa huijua kwa sauti: ikiwa mbichi hukwaruza chini ya sufuria kama mchanga, ikiiva huteleza, na mwiko huwa mwepesi ghafla mkononi. Hivyo ndivyo nilivyopika humu tangu mwaka 1989, na hivyo ndivyo nilivyopika sheera, kile kitamu chetu cha suji, samli, maziwa na sukari. Naomba Waswahili wenzangu msikichanganye na shira ya kaimati. Majina yamekaribiana, lakini moja hulowesha andazi, na nyingine huliwa kwa vidole vitatu hadi kibakuli kikang'aa.

Sasa niwape kisa chenyewe, nacho si cha kunipa sifa.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya maadhimisho kama haya, mjukuu wangu wa kike alikuwa nyumbani kwa likizo. Anasoma Leicester. Mbele ya madhabahu tulikuwa tumepanga annakut, yaani mlima wa chakula, ambao kwa desturi huhesabiwa vyakula hamsini na sita, kwa kumbukumbu ya Krishna aliyeuinua mlima Govardhan kwa kidole chake cha mwisho ili watu wa Vraj na mifugo yao wapate pa kujikinga na mvua ya Indra. Baada ya ibada foleni ikaanza, nami nikasimama penye sufuria ya sheera, mahali pangu pa miaka yote. Mjukuu wangu alipofika nilimpa kibakuli kwa mikono yangu miwili. Akaikunja mikono yake kifuani, akasema kwa sauti ya chini: "Ba, nisamehe. Kina samli. Siku hizi sili kitu chochote kitokacho kwa mnyama."

Sikumjibu kama bibi. Nilimjibu kama mwalimu wa zamu. Mbele ya watu wote nilimwambia kwamba anayekataa prasadi hamkatai mpishi, anamkataa aliyeitoa. Maneno yalikuwa makubwa kuliko kosa, na nililijua hilo kabla sijayamaliza. Mtoto alikiweka kibakuli mezani taratibu, akatoka, akaketi ngazini katikati ya viatu vya watu.

Siku zilizobaki za likizo alijipikia wali na kunde zake, nami nikapika vyangu. Nyumba moja, sufuria mbili, na hakuna aliyemwonjesha mwenzake.

Mwaka uliofuata nilikwenda Leicester kumwuguza kaka yangu. Yeye alioa na kuishi Kampala, na mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini waondoke, alikuwa mmoja wa waliofika mji ule na sanduku moja. Baraza la mji lilikuwa limetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi watu wasije. Walikuja. Leo barabara ya Belgrave imejaa maduka ya sari, ya vito na ya vitamu, na sherehe ya Diwali ya Leicester hutajwa miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India. Kaka yangu hupenda kusema kwamba tangazo lile ndilo lililomfundisha jina la mji.

Jumamosi moja mjukuu wangu akaja kunichukua. Tulikuwa tukizungumza kwa adabu, kama watu waliokutana kituo cha basi. Hakuniambia nije nione kwamba alikuwa na haki. Alisema, "Ba, twende ukaonje." Sidhani kama alitambua neno hilo lilinigusa wapi.

Kabla sijaingia ukumbini, niwaeleze watu hawa ni nani, kwa kuwa humu mandirini wapo wanaodhani ni dhehebu. Mvegani si mtu asiyekula nyama tu. Sisi nasi hatuli nyama, samaki wala mayai. Lakini maziwa, mtindi, siagi na samli ndiyo uti wa mgongo wa jiko letu, na asali imo katika panchamrit tunayooshea sanamu. Mvegani huacha hayo yote. Chama chao cha kwanza kiliundwa Uingereza mwezi wa Novemba mwaka 1944, vita vikiwa bado havijaisha, na mwanzilishi wake, Donald Watson, alikuwa mwalimu wa useremala aliyekuwa akiishi papo hapo Leicester. Jina walilitengeneza kwa kuchukua herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za neno la Kiingereza la mtu asiyekula nyama, kana kwamba wanasema: tumeanza mlikoanzia, tumefika mwisho wake. Wenzao wasiokula nyama hawakulipenda sana dai hilo. Nawaelewa.

Basi tuliingia. Vibanda vilikuwa kama hamsini, na kila kibanda kilikuwa na sahani mbele, vipande vidogo vidogo, vijiti vya kuchokolea, na kijana anayeita: karibu uonje, karibu uonje. Mimi niliyekaa miaka zaidi ya thelathini nikizuia ulimi usitangulie, nikajikuta katika soko ambalo kazi yake yote ni kutanguliza ulimi.

Na nilionja nini? Kwa saa nzima ya kwanza, hakuna.

Wengi wenu mmeshatambua kwa nini. Vitunguu! Sisi tunaofuata kanuni ya hekalu hatuli kitunguu maji wala kitunguu saumu, na wapishi wa tamasha lile, baada ya kuacha nyama, mayai, maziwa na asali, walikuwa wametia imani yao yote katika kitunguu saumu. Kilikuwa ndani ya mikate, ndani ya michuzi, ndani ya vitu nilivyodhani ni vitamu. Nilipita kibanda cha kwanza nikauliza, nikaikunja mikono kuomba radhi. Cha pili, vivyo hivyo. Nilifika cha kumi na moja bila kuweka kitu kinywani. Hapo kijana mmoja wa Kiingereza, mwenye hereni puani kama ya nyanya yangu, alinitazama kwa huruma ya kweli akauliza: "Sasa mama, wewe unakula nini?"

Mjukuu wangu alicheka hadi akashika nguzo. Swali lile lile ndilo alilokuwa akiulizwa kila siku nyumbani kwangu, na shangazi zake, na majirani, nami mwenyewe. Kijana yule naye, baada ya kushangaa, alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Aliinama chini ya meza akatoa mkate mtupu na kipande cha parachichi, akakipaka chumvi na ndimu, akanipa kwa mikono miwili. Hakuniuliza dini yangu. Hakuniambia kwamba ninamkataa mtu. Mkate ule ndicho chakula changu cha kwanza katika tamasha lile, na siwezi kuwaambia ulikuwa na ladha gani, maana nilikuwa nikitazama pembeni ili mtoto asiyaone macho yangu.

Baada ya hapo tulitafuta pamoja. Yeye alitangulia kuuliza, mimi nikafuata kuonja, na mchana ukawa mwepesi.

Niseme kweli, vingine havikunipendeza. Palikuwa na soseji za uzi wa ngano, yaani ule utepetevu unaobaki ukiukanda unga ndani ya maji hadi wanga wote utoke. Muuzaji alijivuna kwamba zina ladha ya nyama kabisa. Mimi sijapata kula nyama maishani, hivyo sikuwa na njia ya kujua kama ninabembelezwa au ninatishwa. Nilitafuna mara mbili, nikaomba kikaratasi. Kibanda cha pili yake walikuwa na fenesi bichi lililochemshwa likachambuliwa nyuzi nyuzi, likaandikwa kwamba ni nyama ya nguruwe isiyo na nguruwe. Mnalijua fenesi nyinyi! Likiiva nyumba ya tatu hupata habari. Sikuona kosa lake hata livalishwe vazi la mnyama. Mjukuu wangu alinieleza kwamba walioacha nyama ukubwani huikumbuka, na kwamba chakula cha namna hiyo ni kama gongo la kutembelea. Nilikubali hoja, sikukubali fenesi.

Vingine vilinifedhehesha kwa uzuri wake. Palikuwa na vitamu vyeupe, vyepesi kama povu, ambavyo kwa kawaida huumuliwa kwa ute wa yai. Hivi viliumuliwa kwa maji yaliyochemshiwa dengu. Mfaransa mmoja, Joël Roessel, aliligundua hilo mwaka 2014: ukiyapiga maji yale yaliyobaki sufuriani, yanaumuka. Hesabuni pamoja nami ni ndoo ngapi za maji ya dengu ambazo jikoni letu limemwaga mferejini tangu lijengwe. Halafu palikuwa na jibini la korosho. Huloweka korosho, huzisaga, huziacha zichachuke kidogo, na kinachotoka kina uchachu wa mtindi uliokaa vema. Kipande cha ukubwa wa sabuni iliyokwisha nusu kiliuzwa pauni saba. Nilifikiri juu ya Mtwara na Lindi, na juu ya wakulima wanaoziuza korosho zao zikiwa ghafi zipelekwe ng'ambo kubanguliwa, na fahari yangu kwa jibini ile ikapungua kidogo.

Mwanamke wa Kihabeshi alikuwa na injera, ule mkate mpana wa teff wenye matundu, mchachu kama dosa iliyokesha. Kwao hilo si jambo la tamasha. Wakristo wa kanisa lao la Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, na vipindi virefu vingine vya mwaka, na katika kufunga huko hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Amekua na chakula hicho tangu utotoni. Aliniambia kwamba Waingereza humpongeza kwa ubunifu wake, naye hushukuru tu, akaendelea kupakua. Michuzi yake ilikuwa na vitunguu. Niliila injera tupu, na ilinitosha.

Na palikuwa na kijana wa Kigujarati, mzaliwa wa Leicester, akiuza vipande vya muhogo vilivyokaangwa na pilipili. Bango lake liliandikwa "mogo". Nilimwuliza kwa Kigujarati mogo ni nini. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni, kwamba ni mzizi, na kwamba mogo ni neno letu la Kigujarati tangu zamani. Nilimwuliza babu yake alitoka wapi. Jinja, akasema. Nikamwambia: mwanangu, hilo ni neno la Kiswahili, ni muhogo, babu yako alilibeba kutoka Uganda katika sanduku lile lile alilobebea sufuria, na sufuria nayo ni Kiswahili. Alisimama na kijiko chake hewani. Kisha akatuongezea vipande vinne bila malipo, na nasaba yangu ya ualimu ikapata heshima yake. (Kwa ndugu zetu Wajaini, ambao hawali vinavyochimbwa ardhini, najua muhogo ule nao haukuwafaa. Hakuna sahani isiyo na mtu aliye nje yake.)

Mahali nilipokaa kwa muda mrefu zaidi hapakuwa na chakula. Mama mmoja wa makamo, aliyekulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa, alikuwa na meza yenye karatasi chache. Sikutaka kusimama. Nilitarajia kuhubiriwa, na mtu aliyezaliwa katika nyumba inayomwita ng'ombe mama hapendi kuhubiriwa juu ya ng'ombe. Lakini hakupaza sauti. Alisema jambo ambalo kila mfugaji analijua na ambalo mimi, mwenye samli mkononi maisha yangu yote, sikuwa nimeliweka mbele ya macho yangu. Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae. Akizaa jike, jike lina kazi. Akizaa dume, dume halina kazi katika shamba la maziwa, wala halilishwi bure. Alisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiwatenga ndama, na jinsi majike yalivyokuwa yakilia usiku upande wa pili wa ua. Nilimwuliza, wale wa kiume walikwenda wapi? Akanitazama tu.

Mtaniambia kwamba ng'ombe wa nyanya zetu kule Kutch walizeekea uani, na ndama alinyonya kwanza. Ni kweli. Lakini maziwa ya sufuria yetu hayatoki kwa nyanya. Yanatoka dukani, katika pakiti, na mimi sijapata kuiuliza pakiti habari za ndama. Yako mashamba machache Uingereza yanayouza maziwa ya ng'ombe wasiochinjwa kamwe, majike na madume, na bei yake ni ya juu sana, kwa sababu dume linaendelea kula. Bei hiyo ndiyo iliyonifundisha hesabu ambayo samli ya bei nafuu huificha.

Niliporudi Mombasa niliomba nafasi katika kikao cha jikoni. Sikuomba samli iondolewe, na nawaomba msitoke hapa mkisema nilifanya hivyo. Taa ya arati nyumbani kwangu inawaka kwa samli hadi leo. Niliomba jambo moja: pawe na sufuria ya pili ya sheera, isiyo na samli wala maziwa, nayo itolewe mbele ya madhabahu pamoja na ya kwanza.

Kikao kilikuwa kirefu. Mwenzetu mmoja alisema kwamba hii ni fasheni ya Wazungu. Nilimjibu kwa Mahatma. Kila mwaka tunasimulia jinsi Gandhi alivyokwenda London mwaka 1888 kusomea sheria, akiwa amemwahidi mama yake kutogusa nyama, na jinsi alivyoshinda na njaa hadi alipouona mkahawa wa wasiokula nyama katika mtaa wa Farringdon. Tusilolisimulia ni kwamba mwaka 1912, akiwa Afrika Kusini, aliacha maziwa pia, baada ya kusoma mateso waliyokuwa wakipewa ng'ombe na nyati wa kufugwa ili watoe tone la mwisho. Mwaka 1918 aliugua tumbo hadi karibu ya kufa, na daktari akamsihi anywe maziwa. Aliyemwokoa ni mkewe, Kasturba, aliyemwambia kwamba nadhiri yake ilihusu ng'ombe na nyati, haikumtaja mbuzi. Alikunywa, akaishi, na baadaye akaandika kwa majuto kwamba alikuwa ameyashika maneno ya nadhiri akaiacha roho yake. Jambo lililomsumbua mtu yule maisha yake yote haliwezi kuwa fasheni.

Mzee mwingine, ambaye yumo humu na ananitazama, alisema neno zuri kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Alisema: "Ben, Krishna aliiba siagi. Hakuiba tui." Kikao kizima kiliangua kicheko. Nilimjibu kwamba Vraj haikuwa na minazi. Na kwamba mtoto aliyeiba siagi ndiye aliyepelekwa malishoni kuchunga ndama. Tulipiga kura. Sitataja hesabu. Sufuria ya pili ilipita.

Ikabaki kuipika, na hapo ndipo nilipoaibika upya. Mara ya kwanza nilikaanga suji kwa mafuta ya nazi, nikamimina tui lote kwa pamoja na kuliacha lichemke kama maziwa. Tui likakatika, mafuta yakaelea, suji ikakaa chini kama saruji. Mwanamke niliyezaliwa na kuzeekea pwani! Nilikumbuka jirani yetu wa utotoni, Mswahili wa Mji wa Kale, tuliyemwita sote Mama Mkubwa, aliyekuwa akituletea mbaazi za nazi na mahamri kila Ijumaa kwa sababu alijua kwamba katika sahani ile hakuna kitu ambacho mama yangu angekikataa. Vitunguu havikuwamo, alikuwa ameuliza mara moja, mwaka tuliohamia, na hakuhitaji kuuliza tena. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi akikuna, akakamua kwa kifumbu, akaliweka tui la kwanza kando. Tui jepesi ndilo lililopikia. Lile zito liliingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na mkono haukuacha kukoroga. Nilikuwa nimemtazama mara mia. Sikuwa nimejifunza, kwa kuwa nilidhani kile ni chakula cha kwao.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi. Kule Leicester anameza kidonge cha vitamini B12, kwa maana mimea peke yake haimpi ya kumtosha, na shangazi zake wameridhika kidogo. Tulijaribu nyumbani mara nne. Nyumbani, mbali na madhabahu, ruhusa ya kuonja ipo, na tulionja mno. Yeye alisema iliki imezidi. Mimi nikasema haijazidi. Mara ya nne alinilisha kwa mkono wake, akangoja nimeze ndipo aulize.

Ile ya leo nimeipika humu, tangu saa kumi alfajiri, na kwa kanuni yetu sijaionja. Kwa hiyo ikiwa sukari imepungua, mtakuwa nyinyi wa kwanza kujua. Ziko sufuria mbili. Yenye kijiko cha chuma ni ya samli. Yenye upawa wa kifuu cha nazi ni ya tui, na vyakula vyote vya meza ile havina maziwa, wala asali, wala vitunguu, na majina ya vilivyomo yameandikwa kwenye kadi kwa lugha tatu. Majirani zetu, meza zote mbili ni zenu. Mjukuu wangu ndiye aliyeushika upawa. Namwona kutoka hapa. Anawasubiri, na chakula kinapoa.